Tulikwenda Lucca Kutembea, Tukaingia Msibani

Tangu nirudi sijanunua kitunguu sokoni bila kusimamishwa. Bi Kuruthumu anataka habari za mnara wenye miti kichwani, Mama Shani anataka kujua kama ni kweli Wataliano hula tambi kila siku, na wengine mmenitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Nimeamua kuandika mara moja, msome nyote, mniache nipumue. Mambo ya viza na tiketi nimeyaruka, maana hata mimi mwenyewe sitaki kuyakumbuka.

Kwa asiyetufahamu, mimi ni Zuhura, mpishi wa shughuli hapa Bagamoyo, harusi na hitima. Niliyesafiri naye ni shangazi yangu, Bi Tatu, dada wa marehemu baba. Shangazi ana mtoto mmoja tu, Nassoro, aliyeondoka na meli akiwa kijana, akashuka kwenye bandari moja ya Italia na hakupanda tena. Sasa anafanya kazi katika kiwanda cha karatasi karibu na mji wa kale uitwao Lucca. Baba yake alipofariki, Nassoro hakuwahi kuja. Alituma pesa ya sanda na ubani, akalia kwenye simu, na waliomshusha mzee kaburini wakawa majirani.

Mwaka huu akatuita tukatembee siku chache, tuone mji. Shangazi, ambaye kumtoa kwenda Chalinze tu ni kazi, alikubali upesi mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Tulipokuwa tunafunga mizigo ndipo aliponieleza.

"Mimi siendi kutazama minara, Zuhura. Nina neno la kumuuliza Nassoro uso kwa uso. Mwanamke hushushwa kaburini na mumewe au maharimu yake, wanaume wa damu yake. Baba yako hayupo, mume wangu hayupo. Nataka mwanangu anitazame machoni aniambie nani atanishusha mimi."

"Na akikosa la kukujibu?"

"Basi nitakuwa nimemwona akikosa," akasema, akaendelea kukunja khanga.

Nikajua hapo kwamba safari hii haikuwa ya matembezi, na kwamba mimi nimebebwa kama shahidi.

Bagamoyo mpaka uwanja wa ndege

Tulitoka na gari la shemeji yangu mapema, tukiwa na nafasi ya kutosha. Bunju tukakuta lori la mchanga limelala ubavu katikati ya njia. Watu walishashuka, wengine wananunua mahindi ya kuchoma kana kwamba wamekuja kwenye maonyesho. Shemeji akapiga honi. Shangazi akamwambia aache, lori halisikii. Tulikaa pale mpaka jasho likaniishia mwilini.

Uwanjani tukaambiwa mzigo umezidi. Ndani ya begi la Shangazi mlikuwa na pweza wakavu wa Mlingotini, kifurushi kikubwa kilichofungwa kwa magazeti na mifuko ya plastiki, kwa ajili ya Nassoro. Nikamshauri tupunguze pweza. Alichopunguza ni nguo zake. Alitoa madera mawili na sweta, sweta lenyewe nililomnunulia mimi kwa ajili ya baridi, akampa shemeji arudi nazo nyumbani. Nilibaki mdomo wazi, na foleni nzima nyuma yetu ikabaki inanusa.

Istanbul, tuliposubiri

Ndege ya pili ilichelewa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Uwanja wenyewe ni mkubwa kuliko mji wetu, wala sitii chumvi. Shangazi alimsalimia kila aliyepita karibu, "Assalaam aleikum," na kwa kuwa ni nchi ya Kiislamu wengi waliitika, akafurahi, akazidisha. Kwenye ngazi za umeme alikataa katakata. Mama mmoja wa Kisudani, aliyejifunga nguo moja ndefu ya maua, alimshika mkono bila kuulizwa, akamwonyesha wakati wa kukanyaga, wakapanda pamoja wakiongea kila mmoja lugha yake na kila mmoja akicheka. Kule juu wakaagana kwa kukumbatiana.

Tulikula mkate wa duara wenye ufuta. Shangazi alitafuna kipande, akasema huu ni mkate wa ufuta uliokosa nazi kwa sababu ya umaskini. Mimi niliumaliza wote, na wake pia.

Roma mpaka Lucca

Roma afande mmoja aliyevaa glovu alilifungua begi la pweza. Akakunjua gazeti la kwanza, la pili, na harufu ilipomfikia akarudi nyuma hatua nzima. Alimwita mwenzake. Mwenzake akatazama, akauliza kwa Kiingereza kama ni chakula. Nikasema ndiyo. Akamtazama Shangazi kwa huruma, akafunga zipu mwenyewe, akatupungia mkono tupite.

Nassoro alikuwa nje anatusubiri. Nilimtafuta kijana niliyemjua, nikakuta mtu mzima mwenye mvi na miwani ameinama mbele ya mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akaitika Shangazi. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye zile mvi, kisha akamshika mkono mpaka tulipofika stesheni. Nilijua ana la kuuliza, lakini hakuuliza. Mtu hamkabili mwanawe na kaburi kabla hajala chakula chake.

Stesheni tukaambiwa treni zimegoma. Sio zimeharibika, zimegoma, na watu wamekubali, wamekaa wanasoma. Tulipopata moja baadaye, kiti kilichokuwa mbele yetu kilikaliwa na mbwa. Mbwa mwenyewe, si bwana wake. Bwana wake alikaa pembeni. Mbwa akanyoosha ulimi kuelekea buibui la Shangazi, na Shangazi aliyekuwa na udhu wake akasimama ghafla na kujishikilia kwenye bomba mlangoni. Alisimama hivyo njia nzima na tulipombembeleza akae hakukubali.

Lucca, siku ya kutembea

Mji ni mzuri, sitauonea. Umezungushiwa ukuta mnene sana, na juu ya ukuta kuna barabara na miti na watu wanaendesha baiskeli. Vichochoro vyake ni kama vya kwetu nyuma ya soko la zamani, milango mikubwa ya mbao, kuta zinazobanduka chokaa. Nilipanda ule mnara wenye miti, Bi Kuruthumu, miti kweli, yenye mizizi, imekaa juu ya paa kama nywele. Shangazi alibaki chini. Alisema mti ukipandwa juu ya nyumba, mwenye nyumba ameshakosa shamba.

Mkate wao hauna chumvi. Nilimwambia Nassoro mwokaji kasahau, turudishe. Akacheka, akasema huo ndio mkate wa Toscana tangu mababu. Mpishi kama mimi, nilishindwa hata kumtukana aliyeanzisha.

Lakini kilichomsumbua Shangazi ni salamu. Asubuhi alishuka ngazi za nyumba anayokaa Nassoro, jengo la kale lenye ngazi nyembamba za mawe zinazozunguka, akampisha mtu, akasema hujambo kwa Kiswahili chake. Yule mtu akapita. Wa pili akapita.

"Mama, huku watu hawasalimiani ovyo," Nassoro akamwambia.

"Kumsalimia jirani ni ovyo?"

Nassoro akatangulia kutufungulia mlango wa nje.

Mchana huo tulipita kwenye ukuta mmoja uliojaa karatasi nyeupe zenye majina kwa herufi nyeusi, nyingine zina picha. Nikamwambia Shangazi, kumbe na huku uchaguzi umewadia. Shangazi akazitazama moja moja.

"Mbona wagombea wote ni vikongwe?"

Nassoro akamsogelea. "Hao si wagombea, Mama. Hao ni waliokufa. Huku mtu akifa hubandikwa ukutani, watu wajue."

Nilisisimka mwili. Nilikuwa nimeshachagua diwani, yule bibi mwenye hereni. Shangazi aliweka mkono kifuani, akasoma Inna lillahi, kisha akaanza upya kwenye karatasi ya kwanza, akamsomea kila mmoja wao.

Karatasi kwenye mlango wetu

Kesho yake tulitoka kwenda kununua matunda, na karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa jengo letu wenyewe. Nassoro akaisoma. Akaisoma tena, na nikamwona rangi inambadilika.

"Ni bibi wa ghorofa ya juu yangu," akasema. "Kumbe jina lake lilikuwa Rina."

"Kumbe?" akauliza Shangazi. "Ulikuwa hulijui?"

"Sikulijua, Mama. Nilikuwa namsikia tu. Alikuwa anavaa ndala, nasikia anatembea asubuhi kwenda jikoni."

"Umekaa chini yake miaka mingapi?"

Nassoro akataja. Sitaandika, maana naona aibu kwa niaba yake. Shangazi alikaa kwenye kizingiti pale pale mlangoni, na mimi nikadhani ameugua. Nilimsikia anasema polepole, kama anayezungumza na mtu mwingine, kwamba mwanawe ameishi chini ya mwanamke aliyeweza kuwa mama yake na hajawahi kumuuliza jina.

Kisha akainuka. "Zuhura, washa jiko. Nyumba yenye msiba haipiki."

Nassoro alijaribu kumzuia. Alisema huku msiba hauendewi, ni watu wa ukoo tu, watatushangaa. Shangazi akamuuliza tangu lini msiba ukawa na kadi ya mwaliko. Hapo nikajua ubishi umekwisha, nikafunga khanga kiunoni.

Nyama ya kuchinjwa ilikuwa mbali, kwa hiyo nikatoa wale pweza, nikawaloweka, nikawakatakata. Viungo vya pilau nilikuwa navyo kwenye mkoba, mimi sisafiri bila hiliki. Mchele ulikuwa wa kwao, punje fupi nene. Nikaukaanga, nikatia maji kwa kipimo changu cha miaka yote, nikafunika. Nilipofunua nilitaka kulia. Punje zilikuwa zimeshikana zote, zimelegea, zinatiririka. Nimepika hitima za watu mia kwa mia na sufuria halijawahi kunifedhehesha, na leo, ugenini, nimekaribia kutoa bokoboko.

"Pakua hivyo hivyo," akasema Shangazi. "Marehemu hali, na wafiwa hawaoni."

Ghorofa ya juu

Tulipanda sote watatu, mimi na sinia limefunikwa kwa kitambaa, Shangazi na buibui lake, Nassoro nyuma kama mtu anayepelekwa kwa hakimu. Shangazi akabisha. "Hodi." Kimya. "Hodi wenyewe."

Akafungua mwanamke wa umri wangu, nywele hazijachanwa, macho makavu. Alitutazama, akatazama sinia, akaingia ndani, akarudi na pochi. Akaongea haraka haraka.

Nassoro akatafsiri kwa sauti ya chini. "Anadhani tumeleta chakula cha kuagiza. Anauliza ni kiasi gani, na anasema yeye hakuagiza."

Nilihisi uso unanichoma. Shangazi alichukua mkono wa yule mwanamke wenye pochi, akaufunga kwa mikono yake miwili.

"Mwambie sisi ni majirani wa chini. Tumekuja kuhani msiba."

Nassoro akaanza kueleza, na nadhani alieleza kwa taabu, maana ilichukua muda. Yule mwanamke, anaitwa Paola, ni binti wa marehemu, alikuwa amefika kutoka Milano. Akasogea pembeni mlangoni, tukaingia.

Mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo mimi niliposhtuka kuliko mahali popote. Maiti yumo chumbani, amevalishwa vizuri, mshumaa unawaka. Na hakuna mtu. Sebule nzima, viti vimepangwa, hakuna mtu. Hakuna wa kuosha vyombo, hakuna wa kupokea wageni, hakuna hata yule mama wa kila msiba anayelia kuliko wafiwa. Tulioketi pale tulikuwa Paola na sisi watatu, na sisi wenyewe marehemu tulimjua kwa karatasi.

Shangazi akatandika khanga yake sakafuni, akaketi. Paola akasimama akimtazama, kisha naye taratibu akateremka chini, akaketi kando yake akiegemea ukuta. Nikafunua sinia, nikaanza kuomba radhi kwa ule mchele kabla hajauonja. Akachota kijiko. Akatulia. Akachota cha pili, na ndipo machozi yalipomtoka, mengi, ya mtu aliyekuwa ameyazuia tangu jana.

"Anasema nini?" nikamuuliza Nassoro.

"Anasema mama yake alikuwa anapika hivi. Wali na pweza, umelegea hivi hivi."

Sijui niliudhika au nilifurahi. Shangazi alimvuta Paola begani kwake, akampigapiga mgongoni kama mtoto, na akamwambia kwa Kiswahili alie, hata aliye na mama naye hulia. Nassoro alikuwa amekaa kiti cha mbali kabisa, mikono katikati ya magoti. Nilimwona anasikiliza jikoni, kama anayengoja kusikia ndala.

Ngazini

Asubuhi ya mazishi walikuja wanaume wanne wenye suti za aina moja na glovu nyeupe. Shangazi alikuwa mlangoni kwetu akiwatazama wanapanda.

"Hawa ni wana wa ndugu zake?"

"Hapana, Mama. Hii ndiyo kazi yao. Wanalipwa."

Shangazi alinishika mkono akaniminya mpaka vidole vikafa ganzi. Ninyi mnajua kwetu jeneza linavyokwenda. Watu wanagombania, huyu anaingia chini ya mti wa jeneza, huyu anatolewa, asiyepata kutia bega anarudi nyumbani ananung'unika. Na huyu bibi wa watu anabebwa na mshahara.

Wakashuka nalo. Ngazi zile zinazunguka, na kwenye kona karibu na mlango wetu jeneza likakwama. Wa mbele anasema hivi, wa nyuma anasema vile, mmoja anahema. Paola alikuwa juu yao, ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Nassoro," akasema Shangazi. "Tia bega."

"Mama, hawataki. Wana taratibu zao."

"Ni jirani yako."

Nassoro akavua miwani, akanipa mimi. Akaenda. Yule mkubwa wao akanyoosha mkono kumzuia, lakini Paola akasema neno moja tu kutoka juu, na mkono ukashuka. Wakampisha. Nassoro akainama, akaingiza bega chini ya ile kona iliyokuwa imekwama, akainua. Jeneza likapita. Hakulitoa begani pale. Alishuka nalo ngazi zote mpaka mlangoni, akalifikisha kwenye gari.

Sisi tulifuata mpaka nje ya kanisa lao, tukakaa kwenye benchi. Shangazi alisema sala kila mtu na yake, ila kubeba ni ujirani. Nassoro alikuwa anajisugua bega.

"Zito?" akauliza mama yake.

"Zito, Mama."

"La babako pia lilikuwa zito."

Nassoro akafunika uso kwa viganja. Mimi nikageuka nikawa natazama njiwa.

Kurudi

Siku zilizobaki tulitembea kidogo tu. Paola alirudisha sinia limeoshwa, ndani yake ameweka biskuti za lozi. Shangazi alifurahi mno kuona kwamba hata huko sinia halirudi tupu. Mimi kila siku nilingoja aulize lile neno lake. Kwenye chai hakuuliza, kwenye treni hakuuliza. Tulifika uwanja wa ndege Roma, mstari wa ukaguzi uko mbele yetu, nikadhani amesahau kwa uzee.

"Nassoro."

"Naam, Mama."

"Nilikuja na neno la kukuuliza. Nilitaka kujua nani atanishusha kaburini. Sikuulizi tena. Mimi mtaa mzima utanibeba, na hata kama hupo watapatikana wa kunishusha, Mungu hamwachi mja wake. Lakini wewe, mwanangu, wewe huku nani atakubeba?"

Nilishtuka. Kwetu mama hamtajii mwanawe kifo, hata kwa mzaha, na huyu ametaja mchana kweupe, mbele ya watu wenye mabegi.

"Usije kwa ajili ya kunizika mimi," akasema Shangazi. "Njoo upate wa kukuzika."

Akambusu kipajini, akachukua mkoba wake, akaingia kwenye mstari. Hakugeuka. Ndani ya ndege aliomba dirisha, akajifunika khanga gubigubi, na mimi nikala chakula changu na chake bila kusikia ladha.

Hayo ndiyo niliyoyaona Lucca. Mkitaka habari za mnara, tazameni picha kwenye simu yangu.

Nimalizie na hili. Ijumaa iliyopita alizikwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Jeneza lilipita mbele ya nyumba ya Shangazi baada ya sala, mnavyojua, watu wamejazana, kanzu zinavutana, kila mtu anatafuta pa kutia bega. Shangazi alikuwa anaongea na Nassoro kwa simu ya video. Badala ya kukata, alisimama mlangoni akaigeuza simu kuelekea njiani, akainyanyua juu kwa mikono miwili mpaka wa mwisho alipopita. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikauona uso wa Nassoro mdogo pale kwenye kioo.

"Yule wa kushoto, mwenye kofia, si Hamadi?" akauliza.

"Ni Hamadi. Juzi amekuulizia."

Nassoro akasogea mpaka kioo kikajaa miwani yake. Halafu akauliza kama kile chumba chake cha uani bado kinavuja.

Shangazi akamjibu kwamba kinavuja. Fundi yuko juu ya paa tangu jana.